Jinja: Mita Moja ya Zege

Mpaka mwaka 2018, karibu kila lori lililotoka Mombasa kwenda Kampala lilipita juu ya ukuta wa bwawa mjini Jinja. Msururu ulitambaa, askari walisimama kando na bunduki zao, na picha zilikuwa marufuku. Abiria wa basi aliyekaa dirisha la kushoto aliona maji ya ziwa yametulia. Wa kulia aliona povu na kusikia mngurumo, maji yakitoka chini ya mitambo kuanza safari ya kwenda Sudan na Misri. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo lilifunguliwa daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, na wasafiri wengi wakalisahau bwawa la zamani.

Si mahali pa kusahaulika. Ukuta ule ulijengwa mrefu kupita mahitaji ya Uganda. Uliongezwa kimo cha mita moja, na sababu ya mita hiyo ilikuwa Misri.

Wazungu waliingiza mahali hapa katika vitabu vyao tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alipofika kwenye maporomoko yanayotoa maji ziwani na kuyapa jina la Ripon, bwana mmoja wa Chama cha Jiografia cha London. Wasoga walikuwa wakiishi pale vizazi na vizazi, na mto huo kwao ni Kiyira. Maporomoko ya pili, kilomita chache kuelekea kaskazini, nayo yalibandikwa jina la ofisa wa Kiingereza, Owen. Mwaka 1907 akapita Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni. Alitazama maji yale akaona nguvu inayopotea bure, na katika kitabu chake cha safari akapendekeza mto ufungwe ili uzalishe umeme.

Huko Cairo kulikuwa na mtu aliyeyatazama maji yaleyale kwa jicho jingine. Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyetumikia serikali ya Misri miaka mingi, alitumia maisha yake kupima Mto Nile. Aliona kwamba miaka ya neema hufuatana, na ya ukame vilevile hufuatana, hivyo akiba ya mwaka mmoja mmoja haitoshi: Misri ilihitaji ghala la kubeba maji ya karne nzima. Ghala lenyewe tayari lilikuwepo, likiitwa Ziwa Victoria. Lilikosa mlango tu, na mlango ungewekwa Jinja.

Hesabu yake si ngumu. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800. Ukilipandisha kwa mita moja umeweka akiba ya karibu mita za ujazo bilioni 69. Bwawa la Ethiopia kwenye mto Abay, lile lililoitia Misri kiwewe tangu ujenzi uanze mwaka 2011, linabeba bilioni 74. Yaani mita moja ya zege pale Jinja, kwa hesabu ya makaratasi, inakaribia bwawa zima la Ethiopia.

Uganda haikuwa na uhuru wa kujenga itakavyo. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilikuwa zimebadilishana barua: katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, pasijengwe kitu chochote juu ya Nile, vijito vyake wala maziwa yake, kitakachopunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali kwanza. Uganda, Kenya na Tanganyika zilifungwa na barua hizo bila mwenyeji hata mmoja kuulizwa. Kwa hiyo mhandisi Charles Westlake alipoleta mpango wake wa umeme baada ya Vita Kuu ya Pili, na Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa mwaka 1948, ilibidi London iende kwanza kubisha hodi Cairo.

Barua za mwaka 1949 na zile zilizofuata ndizo zilizozaa mita ile. Misri ilikubali bwawa lijengwe. Ukuta ukaongezwa kimo kwa ajili ya akiba yake, nayo ikailipa Uganda fidia ya pauni 980,000 kwa umeme ambao ungepotea maji yakizuiwa kwa faida ya Misri. Juu ya hayo, mhandisi wa Misri angekaa papo hapo bwawani pamoja na wasaidizi wake, kuhakikisha maji yanatoka kama ilivyokubaliwa.

Na yalikubaliwa yatoke vipi? Hapa ndipo penye ufundi. Kabla ya bwawa, miamba ya Ripon ndiyo iliyoamua: ziwa likijaa, maji mengi yanaruka miamba na kutoka, likipungua, yanatoka machache. Wahandisi wakapima uhusiano huo, wakauchora katika grafu, wakaweka kanuni kwamba kipimo cha Jinja kikisoma kiasi fulani, bwawa liachie kiasi fulani cha maji, si zaidi wala pungufu. Bwawa liliamriwa kuiga miamba ambayo lilikuwa linaizamisha.

Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954, na maporomoko ya Speke yakatoweka. Mji ukanoga. Mitambo 10 ilizaa megawati 150 ilipokamilika, kikajengwa kiwanda cha nguo cha Nyanza, shaba ya Kilembe ikaletwa na treni kuyeyushwa hapo, na mwaka 1958 waya zikafika Nairobi, Kenya ikaanza kununua umeme wa Jinja. Kisha Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, na viwanda vingi vikafifia. Bwawa lenyewe liliponea chupuchupu. Katika vita ya kumng'oa Amin, wanajeshi wa Tanzania walipoingia Jinja tarehe 22 Aprili 1979, siku 11 baada ya Kampala kuanguka, waliukuta ukuta mzima na mitambo mizima. Ungevunjwa, Uganda ingebaki gizani miaka, na maji yaliyofungiwa yangeteremkia watu wa chini.

Kufikia wakati huo ghala la Hurst lilikuwa limepoteza maana. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mto kati yao wawili, bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan, bila kumbakishia mwingine hata debe moja, na Misri ikajenga ghala lake kubwa nyumbani, Aswan. Isitoshe, maji yanayotoka Jinja yana safari mbaya. Hufika kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, na karibu nusu ya maji yanayoingia humo huishia hewani kwa jua. Kiasi cha asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, nchi ambayo barua za 1929 hazikuigusa kwa sababu haikuwa koloni la Mwingereza. Kamba nene kabisa ilifungwa mahali penye maji machache.

Tanganyika huru iliikata kamba hiyo mapema. Tarehe 4 Julai 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi, lakini iko tayari kukaa na wenzake kuzungumza. Zaidi ya miaka 40 baadaye, bila kungoja ruhusa ya Cairo, Tanzania ilianza kuvuta maji ya ziwa kuyapeleka Kahama na Shinyanga. Uganda yenyewe ilikwenda kwa hadhari zaidi. Iliendelea kumkaribisha mhandisi wa Misri na kufuata grafu, na ilipotaka kupanua mitambo, mwaka 1991 ilibadilishana tena barua na Misri kuthibitisha kwamba kanuni ya zamani itaheshimiwa.

Haikuheshimiwa. Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kilianza kuzaa umeme kando ya kile cha zamani, ambacho sasa kiliitwa Nalubaale. Vyote viwili vinakunywa maji ya ziwa moja. Maji yaliyotosha kituo kimoja hayakuwa mara mbili kwa sababu tu mitambo imeongezeka, na mahitaji ya umeme Kampala yalikuwa yanapanda. Ukaja ukame, na milango ikafunguliwa kupita kipimo. Mtaalamu wa maji Daniel Kull, katika ripoti yake ya Februari 2006, alikadiria kwamba katika miaka miwili ya mwisho bwawa lilikuwa likiachia maji kwa asilimia 55 zaidi ya kiasi cha grafu, na kwamba karibu nusu ya kushuka kwa ziwa kulitokana na hilo. Wakubwa walilaumu mvua, na mvua kweli ilikuwa haba. Lakini mvua haifungui milango ya bwawa.

Mwaka 2006 ziwa lilikuwa chini kuliko wakati wowote tangu mwaka 1923. Aliyelipa hakuwa Misri. Misri ilikuwa inaletewa maji ya ziada, ingelalamika nini? Waliolipa ni watu wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Homa Bay: mitumbwi iliyokwama kwenye tope mbali na mwalo, gati ambazo meli hazikuweza kuzikaribia, mabomba ya kuvutia maji ya mjini yaliyobaki yamekodolea hewa. Waganda nao hawakupona, maana ziwa liliposhuka umeme ulipungua vilevile, mgao ukawa mkali, serikali ikakodi mitambo ya dizeli kwa bei ya kuumiza.

Nadhani fundisho la miaka ile hatukulisoma sawasawa. Tumezoea kuilaani kanuni ya wakoloni, na ilistahili laana, kwa kuwa iliandikwa na watu wawili juu ya mali ya mtu wa tatu. Lakini bila kukusudia iliwalinda pia watu wa Mwanza na Kisumu, ambao hawakuwahi kuisaini. Tuliikataa kwa mdomo, ikavunjwa kwa vitendo, na mahali pake hapakuwekwa kanuni yetu yenye nguvu ya sheria.

Balaa la upande wa pili lilifika mwaka 2020. Katikati ya Aprili kisiwa cha magugu kinachoelea kiliparamia mitambo ya Jinja, na Uganda nzima ikazimika. Mwezi uliofuata kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964, na nyumba za pwani ya ziwa zikaingiliwa na maji katika nchi zote tatu. Ghafla swali likageuka: kwa nini Jinja haiachii maji zaidi?

Siku hizi mazungumzo ya Nile yote yameelekezwa Ethiopia, ambako bwawa lilizinduliwa rasmi Septemba 2025. Mkataba wa ushirikiano uliosainiwa Entebbe kuanzia mwaka 2010 nao ulianza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje, na Kenya ikiwa imesaini bila kuuridhia. Yote ni muhimu. Lakini hayamwambii mvuvi wa Ukerewe ni kiasi gani cha ziwa lake kitatoka mwaka huu, wala nani aliyeamua.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu. Ipewe kazi hiyo: Tanzania, yenye karibu nusu ya ziwa, Kenya na Uganda zisaini kanuni ya kuachia maji ambayo kila nchi itaweza kuidai mahakamani, na zipeleke wahandisi wao kukaa Jinja kama Misri ilivyompeleka wake.