Mikono ya Mkunga: Kukanda Watoto katika Malezi ya Pwani

Mwenye kutaka kujua jambo gani lilithaminiwa na wahenga wetu, na aanze na maneno waliyoliwekea. Kwa kazi ya kuushughulikia mwili kwa mikono, Kiswahili hakikutosheka na neno moja. Kukanda ni kubonyezabonyeza, nalo ni neno lile lile la unga unaokandwa mpaka ulainike. Tena ndilo litumikalo kwa kitambaa cha maji ya moto kinachogandamizwa penye maumivu. Kuchua ni kusugua kwa nguvu zaidi, kwa kuufuata msuli uliokaza. Kusinga ni kuusugua mwili kwa mafuta na manukato. Neno hili la tatu limo katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, pale mama anapomwusia binti yake namna ya kumtunza mume. Wausia ule wahusu mume, ni kweli. Lakini sisi twaona kwamba mikono ya binti haikungoja ndoa ili ijifunze. Ilikwisha kujifunza ukutani mwa nyumba ya mama yake, palipokuwa na mtoto mchanga.

Katika miji ya pwani, siku arobaini za uzazi zilikuwa na utaratibu wake. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, kisha tumbo lake likafungwa kwa kitambaa kiitwacho mkaja. Mtoto naye alikuwa na zamu yake. Mkunga, au bibi wa mtoto, aliketi chini juu ya mkeka, akainyoosha miguu yake na kumlaza mtoto juu ya mapaja. Mafuta yalikuwa ya nazi au ya simsim, yaliyopashwa moto kidogo na kujaribiwa kwanza juu ya kiganja chake mwenyewe. Alianza taratibu, akashuka mapajani hadi nyayoni, akaikunja na kuikunjua miguu, akaipishanisha mikono juu ya kifua, akamgeuza na kuupitia mgongo. Mtoto akilia, hakukaripiwa. Mkono ulipunguza uzito na mwimbo ukaendelea. Baadaye alioshwa, akavikwa, akanyonya, akalala usingizi mrefu. Usingizi huo ulikuwa ndio ushahidi wa bibi, wala hakuhitaji mwingine.

Kwamba kazi hii haikuhesabiwa kuwa upuuzi wa wanawake twaiona katika jambo ambalo wanafunzi wengi hulisikia harusini bila ya kulifikiri. Miongoni mwa vitu ambavyo bwana arusi hudaiwa kwa desturi ya pwani, mna kimoja kiitwacho mkaja, apewacho mama wa bibi arusi. Mna pia mbeleko, jina la nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maana yake ni kwamba jamii iliukumbuka ule mshipi wa uzazi na ile nguo ya mgongoni miaka mingi baadaye, ikaitia kazi ya malezi katika hesabu ya ndoa. Siku hizi hulipwa fedha, na majina hutajwa haraka haraka. Lakini majina yamebaki.

Bara nako palikuwa na mafuta ya mahali pake: mbarika kwa Wakikuyu, siagi kwa wafugaji wengi. Hatutasimama sana hapo.

Mtoto alipokua, mikono haikumwacha, ilibadilisha kazi. Kijana aliyeteguka mguu alichuliwa. Msichana aliyeingia unyagoni alikuwa mwari, akawekwa chini ya kungwi au somo, akasingwa kwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe. Watu wa nje waliliona jambo hili kuwa urembo tu. Sisi twasema lilikuwa zaidi: mwili wa msichana ulikuwa unageuka, naye alihitaji mtu mzima wa kumgusa kwa heshima huku akimweleza mageuzi hayo. Wakati wa kusinga ulikuwa wakati wa kusema.

Zilipokuja zahanati na hospitali, mkunga wa jadi alitazamwa kwa shaka. Wauguzi hawakukosea katika kila jambo. Ni hatari kugandamiza utosi wa mtoto, au kuyakamua matiti ya mtoto mchanga, au kuuchua mguu uliovunjika kana kwamba umeteguka. Na uzazi mgumu wahitaji mkono wenye vifaa. Kosa lilikuwa kulitupa pamoja na hayo lile lililo jema. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliwapa waganga na wakunga wa jadi nafasi katika huduma za afya, wakipewa mafunzo yafaayo. Baadaye, sera zikaelekea kwa wahudumu wenye ujuzi wa hospitali, na bibi akarudishwa uani.

Wakati huo huo, wengine walikuwa wakiyatafuta tuliyokuwa tukiyaacha. Mwaka 1976 tabibu Mfaransa, Frédérick Leboyer, alitoa kitabu chenye picha za mama mmoja wa Calcutta, nchini India, akimkanda mwanawe. Akakipa kitabu jina la mama huyo, Shantala. Mwaka 1986, huko Marekani, Tiffany Field na wenzake walitangaza uchunguzi wa watoto 40 waliozaliwa kabla ya wakati. Nusu yao walikandwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Kila siku hao waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao. Idadi hiyo ni ndogo, nasi hatutaki kuipa uzito usio wake. Hata hivyo, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake juu ya watoto njiti na wenye uzito mdogo, lilikubali kwamba kuwapaka mafuta mwilini ni jambo laweza kufikiriwa.

Shantala amepata kitabu. Mabibi zetu hawakukipata, na wengi wamekwisha kwenda na mpangilio wa mikono yao. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wanafunzi wake nyumbani wakati wa likizo, kila mmoja na daftari, wakamwulize bibi aliyebaki: huanzia wapi, hutia mafuta kiasi gani, na kwa nini mkono wake husita ufikapo penye utosi.