Pishi ya Karafuu na Bakora ya Mwalimu

Kwa miaka mingi niliamini kuwa ukali wangu ndio ulioisimamisha skuli yangu. Ilikuwa skuli ya shamba, kaskazini ya Pemba, imezungukwa na mikarafuu pande zote, na kisa ninachotaka kukieleza kilitokea katika miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu mkuu kijana. Kila ulipofika msimu wa karafuu, madarasa yalikauka watoto kama pwani inavyokauka maji ya bamvua. Dawa yangu ilikuwa na sehemu mbili. Aliyechelewa alichapwa bakora mlangoni, kisha akarudishwa nyumbani akamlete mzazi wake. Nikiona watoro hawapungui, niliongeza dawa. Sikuwahi kujiuliza kama dawa yenyewe ndiyo maradhi.

Jioni moja nilikuwa nakwenda kumtazama mgonjwa, nikapita kwenye kiwanja ambapo wachumaji walikuwa wakipimiwa karafuu mbichi kwa pishi. Katika safu alikuwamo mwanafunzi wangu wa darasa la sita, ambaye asubuhi ile ile nilimchapa na kumfukuza. Hakukimbia. Alinijia akanipa mkono kwa adabu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Sikukwambia ukamlete babaako?"

"Nitakuja naye, Maalim. Leo ulinirudisha mapema, nikaiwahi mikarafuu ya karibu. Nimepata pishi tano."

Msomaji wangu, yule mtoto hakuwa akinikejeli. Alikuwa akinipa habari njema, kama mtu anayemshukuru aliyemsaidia. Nilimwitikia nikaenda zangu, lakini maneno yake hayakunitoka. Mimi nilidhani ninamwadhibu, kumbe nilikuwa nikimpa ruhusa. Bakora tatu zilimuuma kwa dakika chache, na pishi tano zilimlipa siku nzima.

Katika chuo cha ualimu tulikuwa tumefundishwa saikolojia ya elimu, na majina ya wataalamu niliyajua kwa ajili ya mtihani. Baada ya jioni ile niliyafungua madaftari yangu ya zamani na kuyasoma kwa haja. Wa kwanza alikuwa Edward Thorndike wa Marekani, ambaye mwaka 1898 alichapisha majaribio yake ya paka. Alimfungia paka mwenye njaa ndani ya kisanduku, na chakula akakiweka nje. Paka alikwaruza, alisukuma, alihangaika, mpaka kwa bahati akakigusa kitu kilichofungua mlango. Aliporudishwa ndani mara nyingi, mahangaiko yalipungua na mlango ukafunguliwa upesi zaidi. Thorndike akasema kuwa kitendo kinachofuatwa na raha huota mizizi. Hiyo akaiita sheria ya athari.

Baadaye akaja B. F. Skinner, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha kwanza mwaka 1938. Skinner alifanya kazi na panya na njiwa, na neno lake kuu lilikuwa uimarishaji. Maana yake ni nyepesi, ila watu wengi huikosea. Tukio linalofuata baada ya kitendo, likakifanya kitendo hicho kizidi kurudiwa siku za mbele, ndilo kiimarishi. Wakati mwingine kitu huongezwa, kama mtoto anapopewa tende kwa kusoma vizuri. Wakati mwingine kitu kibaya huondolewa, kama mtoto anapodanganya na bakora ikamwepuka. Huo nao ni uimarishaji, na kinachoimarishwa hapo ni uwongo. Kitendo kisichofuatwa na chochote tena hufifia taratibu. Na adhabu, kwa kipimo hicho hicho, ni kile tu kinachokipunguza kitendo. Kama hakikupungua, hukuadhibu, umeumiza tu.

Hapo ndipo nilipojiona. Mimi niliipima adhabu kwa nia yangu na kwa maumivu ya mtoto. Elimu hii haiulizi nia ya mtoaji. Inauliza, kesho yake kitendo kilizidi au kilipungua? Nia ni baina ya mja na Mola wake, wala siidharau. Lakini mtoto hawezi kuisoma nia ya mwalimu. Anachokisoma ni kile kinachomfika baada ya kutenda.

Elimu hiyo ilipoletwa kwa binadamu, walimu ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kushangazwa nayo. Mwaka 1964 ilichapishwa habari ya mtoto wa kike wa miaka 4, katika skuli ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Mtoto huyo alijitenga na wenzake, na kila alipojitenga walimu wenye huruma walimwendea kumliwaza. Watafiti wakawaomba walimu wageuze mambo, wamwangalie na kuzungumza naye anapokuwa na wenzake, na akijitenga wasimshughulikie sana. Mtoto akaanza kucheza na wenzake. Utaratibu wa zamani uliporudishwa kwa majaribio, akajitenga tena, na ulipobadilishwa mara ya pili akarudi kwa wenzake. Huruma ya walimu, bila wao kujua, ndiyo iliyokuwa ujira wa upweke wake. Mwaka 1968 Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas waliandika makala iliyoipa kazi ya namna hii misingi yake, chini ya jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema uchambuzi wa tabia kwa matumizi. Sharti lao moja lilikuwa kwamba matokeo yaonekane katika maisha ya mtu, si katika maneno ya mtaalamu.

Lakini mimi ni mtu wa Pemba, na kila nilipoyasoma hayo niliiona historia ya kisiwa changu ikipita mbele ya macho. Huku mambo hayo yalijaribiwa juu ya migongo ya watu kabla Thorndike hajamfungia paka wake. Inasimuliwa kuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na asiyefanya anyang'anywe ardhi. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho mama wa karafuu. Kazi ya mashamba makubwa ilifanywa na watumwa, na kilichowasukuma ni hofu. Hofu humfanya mtu afanye kazi maadamu msimamizi anatazama. Anapogeuza uso, mtumwa hupumzika, hujificha, au hutoroka, kwa sababu kinachomlipa ni kuiepuka fimbo, na kazi ni njia moja tu miongoni mwa njia za kuiepuka.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Wenye mashamba walilia kuwa karafuu zitaozea mitini, na kwamba mtu huru hatachuma. Kweli, wengi hawakutaka tena kazi ya palizi kwa amri ya bwana. Lakini msimu ulipofika na pishi ikatiwa bei, watu walipanda mikarafuu. Walikuja hata kutoka Unguja na bara kuja kuchuma Pemba. Wapemba wenye mikarafuu yao michache walichuma yao kwanza, kisha wakauza nguvu zao kwa jirani. Ujira ulihesabiwa kwa pishi, na kila pishi ilionekana kwa macho, ikalipwa karibu na kitendo chenyewe. Mwaka 1957 Skinner na mwenzake Charles Ferster walitoa kitabu kinene juu ya ratiba za malipo, wakaonyesha kuwa malipo ya kila baada ya idadi maalumu ya vitendo huleta kazi ya kasi, yenye mapumziko mafupi baada ya kila malipo. Mchumaji yeyote wa Wete au Mkoani angeliweza kuwaambia hayo.

Somo hili lilitufika tena baada ya Mapinduzi ya 1964. Serikali ikawa ndiyo mnunuzi pekee wa karafuu, na kuanzia 1968 kazi hiyo ikawa ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Kwa miaka mingi alichokipata mkulima kilikuwa sehemu ndogo ya bei ya nje. Karafuu zikaanza kuvuka usiku kwa majahazi kwenda Kenya. Dawa ikawa ile ile yangu ya mlangoni, doria, mahakama na vifungo. Magendo hayakwisha, kwa sababu ng'ambo ya mkondo kulikuwa na mtu anayelipa zaidi. Mikarafuu mingi ilizeeka bila ya kupandwa mingine, kwani nani apande mti wa kumngojea miaka mingi ikiwa tunda lake halimlipi? Mwaka 2011, katika serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein, bei ilipandishwa hadi kufikia shilingi 15,000 kwa kilo, na ikawekwa nia kuwa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria hazikuachwa, lakini magendo yalipungua kwa namna ambayo doria peke yake haikuwahi kuyapunguza, na watu wakauliza wapi pa kupata miche.

Limebaki neno moja, nalo ni motisha. Watu husema fulani hana motisha, kana kwamba motisha ni kiungo alichonyimwa alipozaliwa. Jack Michael, mwanafunzi wa mawazo ya Skinner, alieleza katika mwaka 1982 kuwa hali ya mtu wakati ule ndiyo inayolipa tunzo thamani yake. Maji ni tunzo kwa mwenye kiu, na kwa aliyekwisha kunywa ni maji tu. Mwanafunzi wangu yule hakuwa mpenda fedha kuliko wenzake. Sikukuu ilikuwa inakaribia, nyumbani kwao hapakuwa na nguo mpya, na mama yake alikuwa peke yake na wadogo wanne. Hayo niliyajua baadaye, kwa sababu sikuuliza mapema. Nilikuwa nikishindana na pishi tano kwa kutumia kitabu cha jiografia na fimbo.

Nilibadili nilichoweza. Niliacha kumrudisha mtoto nyumbani kwa kosa lolote. Nilizungumza na wazee, tukakubaliana kuwa siku za msimu masomo yaanze mapema na yamalizike mapema, mtoto apate vyote viwili. Aliyewahi kuliko wote alipewa kazi ya kuigonga kengele yetu, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na ninaapa kuwa kwa rimu ile watoto walikimbia umande. Bakora niliiweka juu ya kabati, na siku moja nikagundua kuwa sijaishika kwa muhula mzima.

Nilikosea pia. Palikuwa na msichana mpole, hodari wa hesabu, nikamsifu mbele ya skuli nzima mstarini. Wiki ile aliacha kunyoosha mkono darasani, maana wenzake walimcheka njia nzima. Nilidhani nimemvika chanda chema pete, kumbe pete ile ilimbana. Ikabidi nijifunze kumwandikia neno la sifa daftarini, palipo yeye na mimi tu, na mkono ukarudi juu.

Wapo wanaosema kuwa mambo haya ni kumhonga mtoto, na kwamba binadamu si paka. Binadamu si paka, hilo kweli. Lakini hongo hutolewa ili mtu atende ovu, na ujira wa kazi njema ni haki. Wahenga hawakuona aibu kusema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Tena, mwalimu hana hiari ya kulipa au kutolipa. Kila siku analipa kitu, kwa jicho lake, kwa kicheko chake, kwa ghadhabu zake. Hiari yake ni kujua tu analipa nini.

Yule kijana wa pishi tano hakumaliza skuli. Mabadiliko yangu yalimkuta amekwisha kuchelewa masomo ya miaka miwili, akaona haya kukaa na wadogo. Leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na mikarafuu yake ni mizuri. Tukikutana sokoni hunipa mkono kwa adabu ile ile, husema, "Shikamoo, Maalim," na siku moja aliniomba nimsomee karatasi ya mauzo yake kwa sababu, alisema, miwani ameisahau. Nilimsomea polepole, tarakimu kwa tarakimu. Hana miwani. Alinishukuru sana, na mimi nikatafuta la kumjibu, nikalikosa.