PowerPoint Haikutengenezewa Darasa

Niliacha chuo mwaka wa pili. Uongo mbaya, karo ilichangia. Lakini kuna asubuhi moja sijaisahau: stima ilipotea, projekta ikazimika, mhadhiri akafunga laptopu na kutwambia tuonane wiki ijayo. Alikuwa amesoma slaidi tatu tu. Nikajiuliza, kwani somo lilikuwa lake ama la mashine?

Basi nikafuatilia hii kitu ilitoka wapi. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins, Dennis Austin na wenzao katika kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought. Mwaka huohuo Microsoft wakainunua kwa dola milioni 14. Walilenga watu wa ofisi wanaotaka kushawishi mabosi na wateja. Mwanafunzi wa kuulizwa maswali hakuwa kwenye hesabu.

Na picha za ukutani si mpya. Mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa chifu Shinte wa Walunda, sehemu za juu za mto Zambezi, akiwa na taa ya kuonyesha picha. Akaonyesha Nabii Ibrahim ameinua kisu juu ya mwanawe. Aliposogeza slaidi, kisu kikawa kama kinawajia watu, kina mama wakatoka mbio! Picha alionyesha, lakini maelezo alitoa kwa mdomo.

Hapa Kenya, tangu 2016 serikali ilianza kupeleka tableti, laptopu za walimu na projekta shule za msingi. Vizuri. Lakini kifaa hakifundishi.

Mwalimu wangu wa historia hapa Tononoka alikuwa na chaki tu. Alichora kisiwa cha Mombasa ubaoni, akauliza: mwaka 1593 Mreno alianza kujenga Fort Jesus, mbona pale na si kwetu huku Tononoka? Tukabishana mpaka kengele ikalia. Jibu, kwamba pale ndipo meli zilipoingilia, tulilipata wenyewe. Mpaka leo nalikumbuka.

Kwa hivyo ticha, slaidi moja, picha moja. Uliza kwanza, onyesha baadaye. Maelezo marefu tupe kwa karatasi. Na ukiwa katikati ya slaidi zako, bonyeza herufi B: skrini inakuwa nyeusi, macho yote yanakurudia wewe.

Ukiogopa giza hilo, bado hujajiandaa.