Masharti ya Kujiunga na Idara za Sanaa: Historia Fupi Ikitazamwa Kutoka Ras Kamboni

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, sisi walimu wa idara hii huulizwa na jamaa na majirani swali lilelile: kijana akitaka kusomea muziki, uchoraji au sanaa za maonyesho chuo kikuu, atakiwa awe na nini? Jibu la kawaida ni fupi. Nchini Kenya ni wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na alama za masomo yanayotajwa na programu husika, kisha nafasi za serikali hugawanywa na KUCCPS, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ili kichukue nafasi ya JAB. Nchini Tanzania ni alama za kidato cha sita au stashahada inayokubalika, chini ya uangalizi wa TCU. Hayo yote yamo katika vijitabu vya udahili na hapana haja ya kuyarudia. Linalostahili kuulizwa katika jarida la idara ya Kiswahili ni la nyuma yake: masharti haya yalitoka wapi, nayo humpima mtu nini hasa?

Nimechagua kulitazama swali hili kutoka Ras Kamboni. Msomaji ataniuliza, Ras Kamboni kuna chuo gani cha sanaa? Hakuna, na ndiyo sababu nimeichagua. Rasi hiyo iko kusini kabisa mwa Somalia, karibu na Kiunga ya Kenya. Wabajuni wanaishi pande zote mbili: kaskazini katika visiwa vya Chula, Koyama, Ngumi na Chovai hadi Kismayo, kusini katika Kiunga, Ndau, Faza na Kizingitini. Ni watu wamoja wenye lahaja moja, Kitikuu au Kibajuni, ambayo ndiyo lahaja ya Kiswahili ya kaskazini zaidi baada ya Chimiini ya Barawa. Hadi 1925 walikuwa chini ya utawala mmoja pia, kwa sababu Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya. Mwaka huo Uingereza ikaikabidhi Italia nchi hiyo, na mpaka ukachorwa karibu na rasi ambayo ramani za Waingereza ziliiita Dick's Head. Ukoo uliolala chini ya bendera moja uliamka chini ya mbili, na watoto wake wakaingia katika njia mbili za shule zisizokutana.

Sasa tugeukie silabasi yetu wenyewe. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili wa sekondari nchini Kenya hufundishwa vipera vya nyimbo. Atakuambia kwamba kimai ni nyimbo za shughuli za baharini na kwamba vave ni nyimbo za wakulima. Akitoa ufafanuzi na mfano, anapata alama zake. Vave ni mali ya Wabajuni. Ni nyimbo za usiku mzima, zinazoimbwa kabla ya kutiwa moto msitu uliofyekwa kwa ajili ya shamba jipya, na mwimbaji hodari huwa amehifadhi moyoni mfululizo mrefu wenye mpangilio wake, majina yake ya miti na wanyama, na adabu zake. Kwa hiyo tuna hali hii: kijana wa bara asiyewahi kusikia vave kwa masikio yake anaweza kuitumia vave kujipatia alama za kuingilia chuo kikuu, ilhali mwenye kuimba vave hana pa kuitumia. Sisemi hivi kuwabeza vijana wetu wa bara. Ninasema tu kwamba mizani imetengenezwa kupima maelezo ya sanaa, na sanaa yenyewe haimo katika sahani yoyote ya mizani hiyo.

Kwa sanaa za mkono hali ni ileile. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulihusishwa zaidi na Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu. Ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo hutajwa katika mihadhara ya historia ya sanaa ya pwani. Fundi wake, lau angalikuwa hai na kuomba nafasi ya kusomea uchongaji, angeulizwa kwanza alipata nini katika Hisabati.

Upande wa Somalia mambo yalikuwa magumu zaidi kwa Mbajuni, na hapa lugha ndiyo kisa chenyewe. Mwaka 1972 serikali ya Siad Barre iliidhinisha hati ya Kilatini kwa Kisomali, na baada ya muda mfupi Kisomali kikawa lugha ya kufundishia shuleni. Lilikuwa jambo kubwa kwa Afrika, na wapenzi wa lugha za Kiafrika tuna haki ya kulisifu. Lakini Chuo Kikuu cha Taifa kule Mogadishu kiliendelea kufundisha masomo mengi kwa Kiitaliano. Mtoto wa Chula aliongea Kibajuni nyumbani, akasoma kwa Kisomali, na kama angefika chuo kikuu angekuta Kiitaliano. Katika ngazi zote hizo hapakuwa na mtihani hata mmoja ulioandikwa kwa lugha ya nyimbo za babake.

Kisha ikaja 1991. Dola lilipoanguka, Wabajuni walikimbia kwa majahazi na mashua kuelekea Lamu, Malindi na Mombasa. Vyeti vilipotea, na wizara iliyovitoa ikapotea pia, hata aliyebaki na karatasi yake hakuwa na wa kuithibitisha. Mtihani wa pamoja wa sekondari ulirudishwa na serikali ya shirikisho ya Somalia mwaka 2015 tu. Kati ya miaka hiyo miwili kuna kizazi kizima, na eneo la Ras Kamboni lenyewe lilikuwa uwanja wa vita mwaka 2007, na tena baada ya majeshi ya Kenya kuvuka mpaka Oktoba 2011.

Wengine walifika Uingereza kuomba hifadhi. Huko likatokea jambo ambalo kila mwalimu wa lugha anapaswa kulijua: Kibajuni kilifanyiwa mtihani. Waombaji walirekodiwa wakizungumza, na wachambuzi wa lugha wakatakiwa kuamua kama msemaji ametoka kweli visiwani au ni mtu wa pwani ya Kenya. Mwanaisimu Derek Nurse, aliyekuwa ameitafiti lahaja hii kwa miaka mingi, ni miongoni mwa walioandika juu ya suala hilo. Matamshi ya neno moja yangeweza kuwa na uzito mbele ya hakimu. Huo ndio mtihani wa Kibajuni ninaoufahamu mimi ambao matokeo yake yalibadilisha maisha ya mtu. Uliendeshwa Ulaya, na cheti chake kilikuwa kibali cha kuishi ugenini.

Je, Afrika Mashariki haijawahi kuwa na mlango mwingine wa sanaa? Imewahi, na historia hiyo haifundishwi vya kutosha. Kule Makerere sanaa za uchoraji na uchongaji zilianza mwishoni mwa miaka ya 1930 kama darasa la ziada la Margaret Trowell, lakini wanafunzi walikuwa tayari wamechujwa na shule za sekondari za wakati ule. Sanaa iliwekwa juu ya msingi wa cheti, na tangu hapo tumekaa na jengo hilohilo. Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Dar es Salaam, iliyoanza 1967, ilifanya makubwa kwa kuingiza ngoma na utambaji hadithi darasani na kwa kutupatia akina Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Hata hivyo, aliyeingia humo alipita kwanza mlango wa kawaida wa chuo.

Mtikisiko ulikuja Novemba 1974. Kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba kumaliza kidato cha sita hakumpi mtu haki ya kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi, na apendekezwe na wale aliofanya nao kazi. Azimio hilo lilikuwa na kasoro zake: idadi ya wanawake iliporomoka hadi ikabidi walegezewe sharti, na mapendekezo ya tawi la chama yalitoa mwanya wa upendeleo. Katika miaka iliyofuata sharti hilo liliachwa. Lakini kwa mara ya kwanza chuo kikuu katika eneo letu kiliuliza mtu amefanya nini, pamoja na alama alizopata.

Bagamoyo walikwenda mbali zaidi. Chuo cha Sanaa kilipoanza 1981, walimu wake walitoka katika vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifundisha hapo ilimba na zeze kwa sababu alikuwa Hukwe Zawose; hakuna aliyemdai shahada. Chuo hicho, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, hutoa vyeti na stashahada. Hilo halijapita bila gharama: aliyefuzu Bagamoyo huonekana fundi, na aliyefuzu chuo kikuu huonekana msomi, hata kama wa pili hajui kushika zeze.

Kwa waliozoea kudhani kwamba kumpima mtu kwa kipaji ni kushusha kiwango, nitaje RADA ya London, chuo cha uigizaji kilichoanzishwa 1904. Shahada yake ya uigizaji hugombewa kwa usaili wa jukwaani, na alama za shule si sharti. Sijasikia mtu akisema RADA ni chuo cha kiwango cha chini.

Hivi sasa kuna nyufa zinazopitisha mwanga. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023, na tangu 2017 Jumuiya imetangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ambamo vyeti vya nchi moja vinakusudiwa kutambulika katika nyingine. Kenya ina mamlaka ya sifa za kitaaluma iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na suala la kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa limo katika sera, ingawa mazungumzo yake yameegemea zaidi waashi na makanika wa juakali. Katika mtaala mpya, shule ya upili imekuwa na mkondo wa Sanaa na Michezo. Mtoto wa Kiunga ataufuata mkondo huo endapo shule iliyo karibu naye itautoa. Wa Ras Kamboni, saa chache kwa mashua, hana mkondo wowote wa aina hiyo.

Tuseme kesho idara moja ya sanaa ikubali kumsaili mwimbaji wa vave kutoka upande ule kwa kusikiliza vave yake. Nani atakaa mezani? Mwalimu wa muziki atasikia mahadhi na mapigo. Hatajua kama mwimbaji ameruka beti, amekosea jina la mti, au ameleta maneno ya Kiamu mahali palipostahili Kibajuni. Hatajua hata kwamba Chovai na Tovai ni kisiwa kimoja, na kwamba tofauti hiyo ya sauti ndiyo alama ya lahaja. Mwenye ujuzi huo anatakiwa atoke idara kama yetu. Kwa sasa tunafundisha lahaja kwa mihula miwili, tukiwa na majedwali ya sauti, na Kibajuni hupewa juma moja, mara nyingi lile la kabla ya mtihani.