Chusa cha Kiboko na Mwaka wa 1977

Mei ya mwaka 2027 itatimia nusu karne tangu Serikali ya Kenya ipige marufuku uwindaji wa wanyama pori. Na sisi tukaao Lokori, Mto Kerio upitapo kuelekea Ziwa Turkana, tuna sababu yetu ya kuikumbuka amri hiyo, madhali huko chini ya mto, katika majabali ya Lothagam, ndiko mwanaakiolojia Larry Robbins alikofukua katikati ya miaka ya 1960 vyusa vya mfupa vyenye miiba, kazi ya wavuvi wa maelfu ya miaka iliyopita.

Ng'ambo ya mashariki ya ziwa, Waelmolo hawakukiacha chombo hicho. Dyson na Fuchs, watafiti waliofanya safari yao mwaka 1934, waliikuta kaumu isiyofika watu mia, yenye vyelezo vya magogo ya mikoma, ikiishi kwa samaki na, Mungu akijaalia, kwa kiboko. Kumwua kiboko hakukuwa kazi ya mtu pweke: chusa kilifungwa kamba, wanaume wakavuta kwa pamoja, nyama ikagawanywa, na aliyemchoma akabaki na heshima yake hadi uzeeni. (Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria aliyefika ziwani Machi 1888, aliwamiminia risasi tembo na vifaru, naye akaitwa mvumbuzi.)

Mwaka huohuo wa 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwaondolea Wainupiat wa Alaska, ndugu wa Wainuit, ruhusa ya kale ya kuvua nyangumi wa bahari ya barafu. Wataalamu walidai wanyama hao wamebaki wachache mno. Wavuvi wakajibu kwamba nyangumi hupita chini ya barafu, mbali na macho ya wahesabuji, na hesabu za baadaye, zilizotumia vyombo vya kusikilizia sauti majini, ziliwapa haki wavuvi hao. Waliunda tume yao wenyewe, wakahojiana na ile ya kimataifa, na ilipofika Desemba, kikao chake cha Tokyo kikawaruhusu nyangumi 12 wa kutua pwani, au 18 wa kuchomwa, kwa mwaka uliofuata.

Lakini amri ya Kenya, iliyotolewa wakati tembo wakiteketezwa kwa ajili ya pembe, haikubagua baina ya mwenye bunduki ya biashara na mwenye chusa cha chakula. Na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 yamtaja waziwazi mwindaji wa kujikimu, ikimwekea faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6.