Kitunguu cha Lumuma na Bei ya Piza

Bonde la Lumuma, magharibi mwa Wilaya ya Kilosa kuelekea Mpwapwa, linajulikana sokoni kwa vitunguu. Vijana wa huko wakijikusanya kwenda kutembea Dar es Salaam, na tangu 2024 wanaweza kupandia treni ya SGR pale Kilosa, hakosi mmoja wa kusema, "Safari hii tukale piza." Wanaingia kwenye mgahawa wa Kitaliano, wanafungua menyu, na kila mtu anaanza kupiga hesabu kimyakimya: hii moja ni debe ngapi za vitunguu?

Hesabu hiyo si ushamba. Ndani yake kuna swali la historia: chakula cha unga, nyanya, kitunguu na mafuta kimekuwaje cha wenye nacho?

Kwao hakikuanza hivyo. Katika mji wa Napoli, karne ya 18 na 19, piza ilikuwa chakula cha watu wa kipato kidogo, wengi wakiwa hawana hata jiko la maana nyumbani. Iliuzwa barabarani, na mwenye senti chache alikatiwa kipande cha kumtosha. Nyanya yenyewe ilikuwa mgeni kutoka Amerika, iliyofika Italia karne ya 16 na kukaa muda mrefu ikitiliwa shaka kabla ya kuingia sufuriani. Kwa lugha ya mtaani kwetu, piza ilikuwa ndugu wa chipsi mayai.

Afrika Mashariki, chakula hiki kimeingia kwa milango tofauti, na kila mlango uliweka bei yake.

Mlango wa kwanza ni Somalia. Italia iliitawala sehemu ya kusini hadi 1941, kisha ikarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Tambi zikabaki. Wasomali wanaziita baasto, wanazitia mchuzi wa nyama wenye viungo vyao, na pembeni wanaweka ndizi mbivu. Ndizi hiyo nayo ina historia chungu, kwa sababu mashamba ya Wataliano kando ya mito Juba na Shabelle yalitumia kazi ya shuruti. Leo ukifika Eastleigh, Nairobi, sahani ya baasto ni chakula cha kawaida cha mchana. Hakuna anayevaa vizuri ili akaile.

Mlango wa pili ni pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1960 Wataliano walijenga kituo cha kurushia roketi baharini, Ngomeni, karibu na Malindi. Hapo ndipo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Wataliano wengine wakaja Malindi kama watalii na wenye hoteli, na piza ikaja nao. Ilipangiwa bei ya mtalii.

Mlango wetu ulikuwa wa kazi na dini. Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, ambacho herufi zake zinabeba majina ya Tanzania na Italia, kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1966. Bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lilijengwa na kampuni ya Kitaliano na kukamilika 1968. Hawa walikuwa mapadre, masista, wahandisi na mafundi. Hawakuja kufungua magenge. Chakula chao kilibaki misheni na kambini, na kilipokuja kutoka kwenda mjini kilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mgeni.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Chakula cha kigeni kinashuka bei siku mwenyeji anapokiingiza jikoni kwake na kukipika anavyotaka. Wasomali walifanya hivyo na baasto. Watu wa pwani walifanya hivyo zamani zaidi na tambi zilizokuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, wakazipika kwa nazi, sukari na iliki, mpaka mwezi wa Ramadhani bila tambi ukawa na upungufu.

Kwa hiyo marafiki wanaotafuta chakula kizuri cha Kitaliano kwa hela ya kawaida waanze kwa kuuliza wanalipia nini. Upepo wa bahari una bei. Jibini la kuagizwa nje lina bei. Sahani ya tambi zenye mchuzi wa nyanya haina sababu ya kuwa ghali, na penye wapishi wanaokanda unga wao wenyewe, piza moja iliyogawanywa kwa watatu inatosha kujua ladha.

Mpishi wa Italia huanza michuzi mingi kwa kukaanga kitunguu taratibu kwenye mafuta. Mama wa Lumuma huanza hivyo hivyo. Bondeni kitunguu kipo, na nyanya sokoni hazikosekani. Mkulima anauza gunia kwa bei anayopangiwa na dalali, kisha mwanawe anaikuta menyu inayomtisha kwa mchuzi wa kitunguu hichohicho. Siku genge moja la Kilosa litakapoandika kwa chaki "makaroni na mchuzi" chini ya wali maharage, huyo mtoto hatahitaji treni.