Kipimo cha Uchungu: Kutoka Montevideo Hata Mnazi Mmoja

Uchungu wa kuzaa huja kwa mawimbi, na kazi ya mkunga tangu kale ni kuyajua mawimbi hayo: yaja mara ngapi, yadumu muda gani, na yana nguvu kiasi gani. Katika Unguja, kama katika pwani yote, chombo cha kupimia kilikuwa kiganja kilichowekwa juu ya tumbo la mzazi.

Katikati ya karne ya 20 wataalamu wawili wa Uruguay, Hermógenes Álvarez na Roberto Caldeyro-Barcia, waliupima uchungu kwa ndani. Walipitisha mpira mwembamba hata katika maji yanayomzunguka mtoto, na nguvu ya kila mkazo ikasomwa kwa milimita za zebaki. Wastani wa nguvu hiyo, ukizidishwa kwa idadi ya mikazo ya dakika 10, ukawa kipimo kilichopewa jina la mji wao, Montevideo. Hata hivyo, kipimo cha ndani chataka mashine, na mpira ukipitishwa kwa njia ya uzazi sharti kwanza chupa iwe imepasuka. Tena waweza kuingiza maradhi.

Basi Afrika ilifuata njia nyingine. Mwaka wa 1972, R. H. Philpott na W. M. Castle, katika mji uitwao leo Harare, walitangaza chati yenye mistari miwili: wa kwanza humtahadharisha mkunga, na wa pili, saa 4 mbele, humwamuru atende. Katika chati za namna hii mikazo huhesabiwa kwa mkono.

Walakini chati haijijazi yenyewe. Mnazi Mmoja, hospitali kuu ya Unguja iliyo kando ya Mji Mkongwe, ilizalisha zaidi ya wazazi 10,000 kwa mwaka, na mkunga mmoja aliwaangalia kadha kwa pamoja. Mwaka wa 2015 wakunga na madaktari wake, pamoja na watafiti akiwemo Nanna Maaløe wa Denmark, walianza kutumia kijitabu cha kurasa 8 kilichotungwa kwa kadiri ya hali ya hapo, na semina za mara kwa mara. Katika muda wa mwaka mmoja, watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hata 39 katika kila uzazi 1,000.

Hesabu hiyo ilipungua pasipo mashine mpya ya kupimia uchungu. Lakini 39 ni wengi, na kila mmoja alikuwa na mama aliyemngoja.